Mama Akaenda Kukaa kwa Benchi

Nimefundisha watu wazima Kiingereza miaka mingi, katika chumba cha ghorofani pale Hurlingham, na somo nililokuwa nikilipenda kuliko yote ni la follow up. Nilikuwa na majigambo nalo, Mungu anisamehe. Daktari akitaka kukuona tena baada ya matibabu, hiyo ni follow up. Ukiandika kuuliza ombi lako limefika wapi, hiyo pia ni follow up. Mifano naijaza ubao mzima.

Mwaka huo mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Hospitali ilikubali kumpasua, lakini ilitaka kwanza barua ya idhini kutoka ofisi moja mjini, na barua haikuwa ikitoka. Nikatuma email. Wiki iliyofuata nikatuma nyingine, tamu zaidi. Nikipita kwake Mountain View jioni ananiuliza habari za barua, namjibu kwamba nafuatilia.

"Hiyo email yako inaweza kukaa kwa benchi?" akaniuliza siku moja.

Kwake yeye, kufuatilia ni kuamka mapema, kubeba chai kwa thermos, na kukaa mbele ya dirisha mpaka karani achoke kuiona sura yako. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Tena nilimwambia kwa ukali.

Jumanne moja, nikiwa katikati ya somo hilohilo, jirani yake akanipigia simu. Akasema amempeleka mama mjini siku ya nne mfululizo, na mama amemkataza kuniambia. Niliaga darasa nikashuka ngazi mbio.

Nilimkuta kwenye benchi, wa tatu kutoka dirishani, mkoba magotini, thermos miguuni. Nikasimama mbele yake nikitafuta la kusema. Akainua uso akanitazama moja kwa moja.

"Madam," akasema kwa adabu, "laini inaanzia kule nyuma."

Kwa aibu niliyokuwa nayo nilishindwa hata kumwambia ni mimi, nikaenda nyuma kweli, nikapanga laini. Kutoka huko nikamwona karani akimwita na kumpa barua yake. Aliisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akashindwa, akamwomba mwanamke asiyemjua amsomee.