Mtoto na Mutoto

Nafundisha biolojia Rumonge, na jambo moja lilikuwa likiniudhi: badiliko la jeni linaloitwa la kimya, lisilogeuza maana ya maagizo ya mwili, linawezaje kuleta ugonjwa?

Siku moja ufukoni Magara nilimwomba muuza samaki anipasulie mukeke, samaki wa ziwani, wa mtoto wangu. Kisu kikasita. "Kumbe mama, uko mutu ya Tanzania!" Nilikuwa nimesema mtoto; watu wa huku husema mutoto. Maana ni ile ile, ila kwa kusita kule samaki akapasuka upande.

Nikacheka peke yangu. Kumbe seli nayo huweza kusita inaposoma jeni yenye tahajia nyingine, na protini inayotengenezwa ikajikunja vibaya.

Nyumbani mutoto akala, akashiba. Nikabaki namtazama: humo ndani mwake, kisu gani kinasita sasa?