Usaili wa Majini

Tulikuwa watano kwenye benchi na nafasi ilikuwa moja: msaidizi wa maktaba, katika chuo kimoja mjini Kigoma, pale mteremkoni kuelekea ziwani. Mimi nilitoka Mwandiga, na stashahada yangu ya ukutubi na miaka mitatu ya kukaa nyumbani. Asubuhi ile mama yangu, muuza dagaa, alinisindikiza hadi barabarani kwa usemi wake wa siku zote: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nami nilikuwa nimechoka kugaagaa.

Pale benchini nilikuwa na kazi moja tu, kuwachukia wenzangu kimyakimya. Dada mmoja wa Kalinzi alitusalimu kwa Kiha, "Mwakeye", kwa furaha kana kwamba tumekuja harusini. Niliyemwogopa hasa ni kaka kutoka Tabora, mwenye tai na shahada. Nilivitazama viatu vyake nikasema moyoni, basi, kazi imeshapata mwenyewe.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Kabla hata wa kwanza hajaitwa, mkuu wa maktaba, mama wa makamo aliyehamishiwa huku kutoka Dodoma, alitoka ofisini ameshika viatu mkononi.

"Jamani, usaili umesimama. Mtaro umeziba, maji yameingia chumba cha chini. Mnaoweza kusubiri, subirini."

Hakutuomba kitu. Kaka wa Tabora alivua viatu, akakunja suruali, akatupia tai begani, akashuka. Tukamfuata. Yeye alisimama chini, maji yakimfika magotini, sisi tukajipanga ngazini, na vitabu vikaanza kupanda mkono kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo likinijia mwili unanisisimka. Vitabu vilipanda kwa mpangilio. Hakuna aliyeagiza, lakini yule wa chini alivitoa kwa kufuata namba za maktaba zilizobandikwa migongoni, dada wa Kalinzi akapokea hivyo hivyo, na mimi niliyekuwa juu nikajikuta navipanga mezani kwa namba zile zile. Kimoja kikija kabla ya zamu yake, mstari mzima ulisimama kukisubiri kilichopaswa kutangulia, na maji yanazidi kupanda.

"Okoeni kwanza, mtapanga baadaye," mkuu alitukaripia. Tulijaribu, tukashindwa. Mwishowe alicheka mwenyewe, akaingia katika mstari, naye akawa anapokea kwa namba.

Nilistaajabu. Watu tusiojuana, kila mmoja akiomba mwenzake akose, kumbe mikono yetu ilifundishwa kitu kimoja. Nilisahau kuwachukia.

Usaili uliendelea alasiri, nguo zikidondosha maji. Zamu yangu ilipofika, mkuu hakuuliza hata swali moja kati ya niliyoyakariri.

"Kati yenu watano, nimwajiri nani?"

Jibu la mtu mwenye shida nililijua: mimi. Nilimwona mama akilini na ungo wake wa dagaa.

"Yule aliyekuwa chini," nikasema. "Alishuka bila kuombwa, akapanda wa mwisho."

Kazi akaipata yeye. Nililia, sitaficha, na sababu yake sikumwambia mama.

Mwaka uliofuata simu iliita nikiwa sokoni, mikono inanuka dagaa. Alikuwa kaka wa Tabora. "Dada, nafasi nyingine imetangazwa. Leta maombi leo leo." Nikapeleka, nikasailiwa nikiwa mkavu, nikapata.

Siku yangu ya kwanza alinishusha chumba cha chini. Vitabu vilikuwa na doa la maji miguuni, vimepangana vile vile tulivyovipandisha. Nilipitisha kidole kwenye migongo yake, namba baada ya namba.

"Mkuu aliniambia ulivyomjibu," akasema, bila kuniangalia. "Na mimi aliniuliza swali hilo hilo. Nilijitaja mwenyewe. Nina watoto wawili."

Nilimwona anavyongoja nimhukumu.

"Basi kaka," nikamwambia, "tulijibu sawa."