Kaka Yangu Ndani ya Debe

Mtu asiniambie ati kaka yangu alizikwa kwa heshima. Heshima gani, na sisi hatukuwepo? Alienda kupigana vita vya Mwingereza katika msitu wa nchi ambayo siku hizi inaitwa Malesia, akapigwa risasi, akafukiwa hukohuko. Afisa aliyetumwa kwetu Ruiru, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, alisema serikali imesikitika sana. Mama hakuwa na habari na serikali. Aliuliza, "Nani alimwosha?"

Afisa akavaa kofia yake, akaaga. Tangu hapo mama alikataa chakula. Mtoto wake aende kaburini na matope ya msituni, bila mkono wa nyumbani kumgusa!

Sisi ni Wajaluo. Kwetu mwili wa mtu usipopatikana, tunazika tunda la yago badala yake, lile refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kikonyo kirefu, na matanga yanaendelea kama kawaida. Baba alilipata kando ya mto, upande wa Kalimoni. Mama akalilaza kwenye kitanda cha kaka, akalifunika blanketi, akaliita kwa jina lake. Baada ya hapo, ole wako ukiliita tunda! Jumamosi tungepanda naye treni kwenda kumzika nyumbani, Nyanza.

Ijumaa tukaenda Thika kununua shuka nyeupe ya kumvisha. Jirani yetu, mzee Mkikuyu aliyempenda kaka sana, akabaki kutuangalizia nyumba. Tuliporudi, kitanda kilikuwa kitupu, na uani debe lilikuwa motoni likitokota. Ndani yake kaka yangu, vipande viwili.

"Yawa! Umemchemsha mwanangu!" mama akapiga yowe.

Maskini mzee! Kwao tunda hilohilo ndilo la kutengenezea pombe ya muratina: hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa. "Mama, mimi nilidhani ni ya pombe ya matanga," akasema. "Nikaona watu wa ziwa hawajui kuitengeneza, wacha niwasaidie. Ngai! Kumbe ni kijana?"

Baba akasema tutafute lingine. Mama akamgeukia: "Na huyu tumtupe wapi?" Hapo mimi nikacheka. Nilijibana nikashindwa, na machozi yananitoka, haki ya Mungu sijui yalikuwa ya nini.

Mama akachungulia ndani ya lile debe. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mzee, kabla ya kumpasua, ulimwosha?"

"Nilimwosha, mama. Kwa maji moto. Nikamsugua vumbi lote kwa mikono hii."

Mama akaketi chini palepale, akalia kwa mara ya kwanza tangu afisa aje. Alipomaliza akaileta shuka, wakamtoa kaka polepole, wakamshikanisha.

"Shika hapo kichwani," akamwambia mzee, "nifunge."

Jioni hiyo mama aliomba ugali.