Chungu Kipya cha Sesilia

Mwaka ule Kwaresima iliangukia pamoja na Ramadhani, na mtaa mzima wa Tibirinzi ukawa umefunga. Sesilia naye alifunga, ila kivyake. Alikuja Pemba na mumewe kuchuma karafuu, wakitokea bara. Mume akafia huku, binti akaolewa Tanga, akabaki yeye na kibanda chake.

Padri alisema kufunga bila kumhurumia mtu ni kushinda na njaa tu. Maneno yale yalimkaa, kwa sababu jikoni kwa jirani yake, Bi Khairiya, hapakuonekana moshi. Alichungulia jana, akachungulia na leo. Wana wa bibi yule wa Kiarabu walihamia Unguja, na tangu uchaguzi watu walikuwa wamesusiana kwa ajili ya vyama. Sahani za futari zilipita mlangoni pa bibi zikenda kwa wengine.

Kupeleka alitaka, lakini aliogopa. Marehemu mumewe alikuwa akiwinda nguruwe mwitu, na mtaa mzima ulikijua chungu walichopikia nyama yake. Bibi akikasirika, Sesilia angempoteza mtu pekee aliyekuwa bado akimwitikia salamu.

Basi akatafuta chungu kipya. Akakibeba kichwani, akapita nacho makusudi mbele ya baraza ya Bi Khairiya, aone hakina hata alama ya moto. Akapika muhogo kwa nazi. Jua lilipokaribia kutua, akabeba chungu kizima, akabisha hodi.

"Nimekuletea futari, Bi."

Bi Khairiya alikitazama chungu. "Mbona hukupakua?"

"Nimekileta chenyewe, uone. Hakijapikiwa kitu kingine. Kikae kwako."

"Na wewe utapikia nini?"

"Nna kile cha zamani."

"Kile cha nguruwe," alisema bibi, midomo ikimcheza kwa tabasamu. Sesilia akainamisha macho. Bibi akanyoosha vidole vyake vilivyopinda. "Vidole hivi havikuni nazi tena, mwanangu. Chungu kikikaa hapa pasi na mpishi, cha nini kwangu? Kesho njoo upikie huku."

Adhana ikalia. Bi Khairiya akapiga bismillahi, akamega muhogo, akala. Sesilia alisimama mlangoni mpaka alipomwona amemeza.

Kisha akarudi kwake. Kibanda kilikuwa kimya vilevile. Akakitoa nje kile chungu cha zamani, akakifudikiza ukutani.