Wazee Wenye Kutu wa Jeshi la Ufini

Enzi zetu, na wenzangu mliokulia kwenye harufu ya misindano, yaani misonobari, mtanielewa, mtoto hakununuliwa jeshi. Jeshi alijiokotea mwenyewe. Tulipita nyuma ya baa za Mafinga, mji wetu wa mbao, asubuhi, kabla mfagiaji hajafika, tukainama na kudonoa vizibo vya soda na bia kama kuku, tukavifunga kwenye pindo la sweta na kurudi nyumbani tukilia chwaa chwaa kila hatua. Kizibo cha soda ya chungwa kilikuwa askari wa kawaida. Cha bia kilikuwa koplo, kwa sababu kilitoka kwa watu wazima. Hakuna aliyetuuliza kama mchezo ule unaifaa afya yetu.

Nakumbuka haya kwa sababu juzijuzi, hapa Sydney, nimeombwa ushauri wa kijeshi. Sifanyi utani. Neema, binti wa binamu yangu Festo, amepata kazi kwenye kampuni ndogo inayotengeneza michezo ya vita ya kompyuta, ile ambayo mtu anakaa kitini akila chipsi huku akihamisha vikosi kama mkuu wa majeshi. Kazi aliyopewa ni kubuni jeshi la Ufini: askari wake, silaha zake, ujanja wake na udhaifu wake. Baba yake akamwambia, "Jeshi la Ufini? Nenda Auburn kwa shangazi yako Sikujua. Ndiye aliyeliunda." Mtoto akapanda treni kutoka Bankstown, akaja na kompyuta mgongoni. Nikabandika chai ya maziwa, nikaanza mwanzo kabisa.

Baba yangu alikuwa fundi wa msumeno kwenye kiwanda cha mbao. Mashine zilitoka Ufini, na kila mwaka walioziuza walituletea kalenda. Ilitundikwa sebuleni juu ya redio, na kuigusa ilikuwa kosa kubwa. Mama alikuwa akisema, "Angalieni kwa macho, mikono iwe nyuma." Basi tulisimama mikono nyuma, tukaichunguza Ufini kama wapelelezi. Januari kulikuwa na mwanamume aliyefunga mbao ndefu miguuni, amesimama kwenye weupe mtupu. Machi kulikuwa na msitu ambao ungeapa ni wetu, isipokuwa mtu kaumwagia unga. Agosti ndiyo tuliyoipenda zaidi: mzee mnene, mwekundu kama nyanya, taulo kiunoni, akitoka kwenye kibanda kinachofuka mvuke. Hakukuwa na picha hata moja ya watu wawili wakizungumza. Festo akasema nchi nzima wamenuniana, na hilo likawa jambo la kwanza tulilolijua kuhusu Ufini.

Mwaka ulipoisha kalenda ilikatwa, ikafunika madaftari ya shule. Watoto wa siku hizi hawajui raha ya kufunika daftari, wala hofu ya kungoja kuona umeangukiwa na picha gani. Mimi nilipata Agosti. Yule mzee wa taulo akakaa juu ya daftari langu la hesabu. Mwalimu akalishika kwa vidole viwili, akauliza huyu ni nani. Nikamjibu, "Ni askari wa Ufini, mwalimu." Darasa likaanguka kicheko. Nikaamriwa nigeuze jalada ndani nje, na mzee wa watu akamaliza mwaka mzima uso umebanwa kwenye mafungu yangu ya kugawanya.

Sasa Festo. Ni mtoto wa mjomba wangu, waliishi Makambako, na kila likizo ya Juni alikuja kwetu na begi moja na fulana moja ya njano. Kwa sababu ya fulana hiyo jeshi lake lilikuwa Brazili. Tulimweleza kwamba Brazili iko mbali na Ufini, haina ugomvi nayo. Akasema ugomvi utapatikana. Mimi nikachukua Ufini kwa sababu ya kalenda, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Kaka zangu walikuwa wakubwa, wanajipaka mafuta na kutoka. Mdogo wangu alikuwa bado anakula udongo. Festo ndiye mtu pekee pale nyumbani aliyecheka nilichocheka mimi, na alipoondoka ua ulikuwa kimya hadi nikawa naongea na mbuzi.

Shida ilianzia kwa mama. Kila alipotukuta tumelala kifudifudi uani alituambia, "Haya, mkimaliza hivyo vita vyenu Festo arudi kwao, baba yake ana kazi naye." Alisema tu, kama mama anavyosema. Mimi nililichukua kama mkataba. Vita vikiisha, Festo anaondoka. Kwa hiyo sikutaka kushinda wala kushindwa. Nilitaka vita visiishe, na jeshi langu nililiunda kwa kazi hiyo tu.

Theluji yetu ilikuwa maranda ya mbao. Baba alileta magunia ya maranda kwa ajili ya jiko, nasi tukamwaga gunia zima uani, likanukia vizuri. Ngome zilikuwa mabanzi, zile kingo za gogo zenye magome. Kila askari wa Ufini nilimfunga njiti mbili za kiberiti miguuni, kama yule mtu wa Januari, nikazigandisha kwa utomvu wa msindano. Matokeo yake jeshi zima liliganda mahali pake, na kizibo kilichofyatuliwa kwa kidole, ndiyo risasi yetu, hakingeweza kuliondoa. Festo akasema ni ulemavu. Nikamwambia ni msimamo.

Halafu nikaweka sheria ya kuoga. Askari wa Ufini hapigani kabla hajaoga mvuke, kama yule mzee wa Agosti. Kopo la majani ya chai lilikuwa kibanda. Niliwatumbukiza mmoja mmoja kwenye maji ya moto, nikawaanika juu ya banzi, huku Wabrazili wakisubiri kwenye baridi ya Juni ambayo mnaijua ilivyo, ile ya kuamka unakuta nyasi zimekuwa nyeupe. Lakini kizibo kinachooga kila siku kinapata kutu. Haikupita wiki, jeshi langu lote likawa la kahawia, limechakaa, wakati Wabrazili wanang'aa. Nikaona nimekwisha.

Aliyeniokoa ni bibi yetu, mwenye nyumba ile. Alikuwa mlangoni mwa jiko akipukuchua mahindi, sikio lake kwetu. Festo alipofyatua kizibo chake cha kwanza, bibi akapaza sauti, "Nyie! Mnaumizana hivyo bila hata salamu? Huyu mwenye kutu si mkubwa wa huyo? Ameamkiwa?"

Tukatazamana. Uani kwa bibi hakuna aliyepita bila kusalimu, awe mjumbe, awe muuza mkaa. Basi sheria ikawa sheria. Kila Mbrazili anayefika kwa Mfini mwenye kutu lazima aseme shikamoo, na haruhusiwi kupiga mpaka mzee aitikie. Mzee naye ataitikia akipenda. Na akishaitikia ndipo zinaanza habari: za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, baba hajambo, mama yule mwenye mguu anaendeleaje. Festo alilazimika kujibu kwa kila askari, tena kwa unyenyekevu, maana bibi alikuwa anasikia. Askari mmoja aliweza kula asubuhi nzima. Tuliitwa kula viazi vya kuchoma, tukarudi na majivu midomoni, na Mfini bado anauliza habari za shangazi wa Brazili.

"Wabrazili wangu wamechoka kuinama!" Festo alilia. Akajaribu kuzeesha jeshi lake, akalilaza kwenye maji ya chumvi, kwenye bakuli la mama la wageni. Yaliyompata sitayaeleza, ila bakuli lile lilibaki na madoa hadi mama alipolitoa kwa majirani. Hata vizibo vyake vilipopata kutu haikumsaidia. Tulibishana mchana kutwa nani ana kutu zaidi na nani amwamkie nani, na hakuna aliyepigwa. Mimi nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuipima.

Lakini lori la mbao la kwenda Makambako halikujua mikataba yetu. Lilipiga honi barabarani, mama akatoka na begi la Festo limeshafungwa. Jemadari wake, kizibo cha soda ya tangawizi, alikuwa amefika mbele ya jemadari wangu, Mzee wa Taulo, na shikamoo imeshatolewa. Festo akapanda juu ya mbao, akageuka, akapiga kelele: "Usiitikie mpaka nirudi!" Sikuitikia. Juni iliyofuata alipelekwa bweni mbali, na mvua za masika zilikuwa zimeshageuza maranda kuwa uji, kuku wakamaliza kazi.

Neema alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaniambia kwa upole, kama wanavyozungumza na wagonjwa kazini kwetu hospitalini, "Aunty, that's not really how armies work."

"Liliwahi kushindwa?" nikamuuliza.

"No."

"Basi andika."

Akacheka, lakini akaandika. Ndipo akanieleza aliyoyasoma, kwamba Wafini wa kweli walipigana kwenye theluji na mbao miguuni, wakawachelewesha Warusi, adui mkubwa, msituni, na walijenga vibanda vya kuogea mvuke karibu na mstari wa mbele. Alidhani nitashangaa. Mimi hayo nilikuwa nayo kwenye kalenda na kwenye daftari la hesabu. Akanionyesha askari wake kwenye kioo: wana kope, wana mikunjo ya suruali, wanapumua moshi. Wakifa wanafufuka. Hakuna anayeoga, hakuna anayeamkiana, wanafika tu na kupiga. Nikamwambia jeshi lako halina malezi.

"I just have to test it before Dad goes," akasema, akifunga begi.

"Aende wapi?"

Neema akalifungua begi tena. Alidhani najua. Festo alikuwa anarudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba aliyoijenga Mafinga, kwenye ule ua wa bibi, imeezekwa, magoti yamechoka na kazi ya ghala, na Neema na mama yake wanabaki kwanza hadi mtoto atulie kazini. Iliniuma sana. Miaka yote hii tumekaa jiji moja, yeye Bankstown mimi Auburn, treni zipo, na tumeonana kwenye harusi, kwenye misiba, na sokoni Cabramatta kwenye foleni ya mihogo, kila mtu na mfuko wake, "Tutafutane basi," "Tutafutane." Hatukutafutana. Tulitumiana sala za kusambaza kwenye simu, na vichekesho ambavyo havikuwa vyetu.

Jaribio likafanyika kwangu, Jumapili ya safari yake. Festo alifika na masanduku, na ndani ya koti amevaa fulana ya njano iliyombana tumboni. Akakaa mbele ya kompyuta kama rubani.

"Baba, wewe ni Warusi," Neema akamwambia.

"Mimi ni Brazili."

"Brazil never fought Finland!"

"Ulikuwepo?"

Neema akapiga kwikwi ya kicheko, akabonyezabonyeza, na vifaru vya Kirusi vikageuka njano. Kumbe alikuwa ametengeneza toleo la nyumbani ambalo mkubwa wake hataliona. Askari wangu wa Ufini walikuwa wa kahawia, wamejaa kutu, na mmoja mbele ya kibanda ana taulo. Nikamgusa kwa kidole kwenye kioo. Vifaru vya Festo vikatambaa kwenye theluji hadi mlangoni pa yule mzee, vikazima. Jemadari wake akashuka, akainama. Chini ya kioo kikatokea kitufe cha kijani. Neema akaniambia, "Shangazi, ukibonyeza hapa ameitikia. Vita vinaanza."

Sikubonyeza.

Chai ikapoa. Neema akaenda kuangalia kama teksi iko njiani. Festo akakohoa.

"Itikia basi, Sikujua. Nina ndege."

"Mzee anafikiri."

"Anafikiri nini?"

"Anauliza kwa nini hukumwambia."

Festo akatazama theluji. Akajikuna shingoni, akasema, kwa Kiswahili cha Makambako ambacho sikuwa nimekisikia kwake siku nyingi, "Ningekwambia ungelia, nami ningelia. Nikaona bora uambiwe na mtoto." Tukalia hata hivyo, watu wazima wawili mbele ya kompyuta, na Neema akarudi akadhani mchezo umeharibika. Akauliza aufunge. Tukasema "Usifunge!" kwa pamoja, sauti zikagongana. Akauhifadhi.

Enzi zetu mvua ilimaliza vita, ukarudi ukakuta matope, ukajifunza kuzoea. Siku hizi mashine haisahau, wala hakuna kuku wa kudonoa jemadari. Na watoto wetu, pamoja na uvivu wao wa salamu, ndio wanaojua kuifungua. Neema aliniachia mchezo kwenye kompyuta yangu, akanionyesha jinsi. Jumapili nikitoka kanisani nawasha, namkuta Mbrazili ameinama mlangoni, anasubiri. Festo hupiga simu akiwa uani kwa bibi, nasikia kuku nyuma yake. Haulizi hali yangu kwanza.

"Umeitikia?"

"Bado," namjibu. "Hebu niambie kwanza, ng'ombe hawajambo? Mvua je?"

Naye hukaa chini, akaanza kunijibu.