Nilivyomlilia Mama Aliye Mzima

Mimi ni mtu wa ndani. Kariakoo inapiga kelele chini ya dirisha langu, nami naisikiliza tu, sishuki. Mama yangu alipolazwa Moshi, nikaapa akirudi nitampokea kwa wimbo wa kubuni papo hapo. Nikapakua muziki mtupu, usio na mwimbaji, nikachomeka spika za masikioni, nikafumba macho, nikaachia koo.

"Mamaaa, rudi mama! Nyumba baridi bila wewe!"

Masikioni mwangu ilikuwa rumba tamu. Nikasahau kwamba majirani wanasikia sauti yangu peke yake, na sauti yangu, tuseme ukweli, ni ya mbuzi aliyefungwa juani. Kadiri nilivyonogewa, ndivyo nilivyozidi kuivuta.

Nilipofumbua macho, mlango niliosahau kuufunga uko wazi, na sebuleni mikeka imetandikwa. Wanawake wa jengo zima wamejifunga khanga, wanalia. Mlangoni Mangi wa duka la vitenge anashusha viti vya plastiki.

Mama Neema, jirani yangu wa ukuta mmoja, akanishika mkono. "Pole, baba. Mama ametutoka saa ngapi?"

"Mama mzima," nikanong'ona. "Jumapili anatoka. Nilikuwa... nafanya mazoezi."

Nikampachika spika moja sikioni. Akasikiliza. Bega likaanza kucheza lenyewe. Akafuta machozi, akawageukia wenzake.

"Jamani, mgonjwa mzima! Huyu alikuwa anaimba." Kisha akanigeukia mimi. "Haya, imba tena tukurekebishe. Mama yako ana presha. Ukimpokea kwa sauti ile, tutalia kweli."