Kiganja cha Mwalimu

Mwalimu yule wa Kiingereza hufundisha kwa simu aliyoiegemeza kwenye birika, na mwanafunzi akikwama, yeye hujiziba mdomo kwa kiganja asije akamdokezea neno. Hapo hutulia tuli, hata kope hazichezi, mpaka darasa zima hudhani mtandao umeganda. "Mwalimu, upo kweli?" huuliza mwanafunzi mmoja, fundi cherehani. "Nipo, baba. Mwache mwenzako atafute."

Basi siku ya mtihani wa kuongea ikafika zamu ya mpishi, mama mtu mzima aliyeahidiwa kazi hotelini akifaulu. Programu ya simu ya kusahihisha mtihani ilikuwa imeshamkatiza mara mbili, maana haina subira na mtu anayewaza. Mwalimu akaizima. "Mama, leo nakusikiliza mimi. Asubuhi jikoni unaanzaje?" Mpishi akafungua kinywa, maneno yakamkimbia. Kwenye kioo cha simu, kiganja kikapanda mdomoni. Ndipo Kiingereza kikaja kidogokidogo, kama maji ya bomba lililokauka siku nyingi: moto, sufuria, unga, mpaka wageni wakala wakashiba. Kiganja kiliposhuka, mpishi akaona alama za meno juu yake.

"Jamani, mwalimu, umejing'ata!"

"Umefaulu, mama. Ila moto wako ulichelewa kuwaka."